Pankeki bila ngano: Sinia moja, nyumba nzima

KATIKA nyumba nyingi za mjini, Jumapili haianzi sawasawa kabla ya kikaango kutiwa mafuta. Watoto wameamka mapema kuliko siku za shule na chai iko jikoni inachemka. Mama, au yule kijana mkubwa ambaye leo ni zamu yake, anachukua unga wa ngano, mayai, maziwa na sukari, anakoroga, na baada ya muda mfupi sinia la pankeki liko mezani. Ni chakula chepesi kutayarisha. Hakitaki kukandwa wala kusukumwa kama chapati, na hakuna mtoto anayehitaji kuitwa mara mbili.

Lakini tuseme katika nyumba hiyo kuna mtoto mmoja ambaye daktari amesema asiguse ngano tena maishani mwake. Wenzake wanapewa pankeki, yeye anapewa kiazi kitamu. Kesho yake wenzake wanapewa mandazi, yeye kiazi tena. Kiazi kitamu si chakula kibaya, bali mtoto hahesabu vitamini. Yeye anahesabu nani amepewa nini. Siku utakayogeuka upande wa pili, atanyoosha mkono achukue kipande kwenye sahani ya ndugu yake, na kipande hicho kidogo kitamdhuru.

Jambo ambalo makala haya yanataka tukubaliane ni hili: dawa si kumpikia mtoto huyo chakula chake pembeni. Dawa ni kulibadilisha sinia lenyewe, ili nyumba nzima ile kitu kimoja. Hilo linawezekana, tena kwa unga unaopatikana mtaani kwako.

Gluteni ni nini?

Ukikanda unga wa ngano kwa maji, baada ya muda donge huanza kuvutika kama mpira. Kinachovutika hivyo ni protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayoufanya mkate uumuke usianguke, na chapati isukumwe isipasuke. Protini za aina hiyo zimo pia katika shayiri na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai.

Kwa watu wengi gluteni haina ubaya wowote. Lakini kuna watu wenye ugonjwa uitwao siliaki. Mtu wa namna hiyo akila ngano, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vijinyweleo hivyo hulala na kuharibika, na hapo mtu anaweza kula akashiba na bado mwili wake ukakosa lishe. Mtoto hufura tumbo, huharisha, hukosa kuongeza uzito na hudumaa. Mtu mzima huenda akaishia kuwa na upungufu wa damu usioisha, uchovu, au mifupa dhaifu.

Inakadiriwa kwamba duniani mtu 1 katika kila 100 ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui. Wala usidhani ni maradhi ya Wazungu peke yao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1999 kuhusu watoto Wasaharawi, ambao asili yao ni Sahara Magharibi hapa Afrika, uligundua ugonjwa huu kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100.

Aliyeonyesha kwamba ngano ndiyo mkosaji alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameanza kuushuku mkate hata kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 Uholanzi ilikumbwa na njaa kali na mkate ukaadimika, na yaliyowapata wagonjwa wake wakati huo yakazidi kumthibitishia shuku zake. Mwaka wa 1950 alitoa tasnifu yake katika mji wa Utrecht. Tangu wakati huo tiba ya siliaki imebaki ile ile: kuacha ngano, shayiri na rai kabisa, maisha yote. Mtu akifanya hivyo, utumbo hupona.

Pima kwanza, kisha uache

Kabla hujautupa unga wako, ngoja kidogo. Tumbo la mtoto linaweza kuuma kwa sababu ya minyoo, amiba, maziwa au mambo mengine mengi. Usimwachishe mtoto ngano kwa kukisia tu, kwa sababu jirani amesema au kwa kuwa umesoma mahali.

Kuna sababu kubwa ya onyo hili. Siliaki hupimwa kwanza kwa damu, ambapo maabara hutafuta chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza unapokutana na gluteni. Mara nyingi daktari hufuatisha kipimo cha kuchukua kipande kidogo sana cha utumbo kwa mrija wenye kamera. Iwapo mgonjwa ameacha ngano kwa muda, chembe hizo hupungua na utumbo huanza kupona, na kipimo kinaweza kusema hana ugonjwa hali anao. Kwa hiyo, aendelee kula kama kawaida mpaka daktari amalize kazi yake.

Pia usichanganye siliaki na mzio wa ngano. Mwenye mzio huweza kuvimba midomo, kuwashwa ngozi au kubanwa na pumzi muda mfupi tu baada ya kula, na huyo anahitaji ushauri mwingine wa daktari. Pankeki za leo zitamfaa huyu pia, maana hazina ngano, lakini matibabu yao si mamoja.

Kwa nini pankeki?

Ukitaka kuacha ngano, chapati ya kusukuma itakutoa jasho na mkate wa kuoka utakukatisha tamaa, kwa sababu vyote viwili vinautegemea ule mvutano wa gluteni. Pankeki sivyo. Hiyo ni rojo linalomiminwa kikaangoni, na kinacholishika ni yai pamoja na wanga wa unga wenyewe. Hata anayepika pankeki za ngano huonywa asikoroge sana, kwani gluteni ikiamka pankeki huwa ngumu kama ngozi. Bila ngano, hofu hiyo haipo. Koroga upendavyo.

Tena sisi si wageni wa jambo hili. Waswahili wa Pwani wamepika vibibi, vitumbua na mkate wa kumimina kwa mchele na tui la nazi kwa miaka na miaka bila kuliita jina la kigeni. Wahindi wana dosa ya mchele na dengu zao. Majirani zetu Wahabeshi wana injera ya tefu, ingawa ukiinunua mjini uulize kwanza, kwa sababu wengine huchanganya tefu na ngano au shayiri. Kule Magharibi na Nyanza, wimbi, mtama na muhogo vimekuwako chunguni kabla ya mkate wa dukani kufika.

Kwa hiyo unga unaokufaa ni wa mchele, wimbi, mtama, mahindi au muhogo. Wa muhogo ununue kwa mtu unayemwamini, kwani muhogo mchungu usipotayarishwa vizuri huwa na sumu.

Adui yuko kisiagini

Hapa, msomaji, ndipo nyumba nyingi huteleza. Wimbi hauna gluteni hata chembe. Lakini ukiupeleka kwenye kisiagi ambacho mteja aliyekutangulia amesagiwa ngano, unga utakaotoka utakuwa na ngano. Viwango vya kimataifa vinasema chakula kiitwacho "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo nzima ya chakula. Vumbi la kisiagi linaweza kukipita kiwango hicho kwa urahisi.

Ukiweza, saga nyumbani. Mchele ulioloweshwa husagika vizuri kwa blenda ya kawaida. Usipoweza, tafuta kisiagi kisichosaga ngano wala shayiri kabisa. Kuosha mashine kwa kilo moja ya kwanza hakutoshi kwa mwenye siliaki.

Soma pakiti pia. Unga wa uji uliochanganywa mara nyingine huwa na ngano ndani. Beking poda nyingine hutiwa wanga wa ngano ili isigande, kwa hiyo chagua iliyoandikwa wanga wa mahindi. Shayiri hujificha chini ya jina la kimea katika vinywaji vya kuchanganya na maziwa. Semolina ni ngano kwa jina jingine.

Kisha tazama jiko lako mwenyewe. Chungio lililopitisha unga wa ngano halisafishiki hata ulioshe mara kumi, kwa hiyo nunua jingine. Mwiko wa mbao na kibao cha chapati huficha unga katika nyufa. Mafuta yaliyokaanga mandazi yasitumike tena kwa mtoto huyu. Na siku mtu anaposukuma chapati, vumbi huelea hewani na kutua juu ya kila kitu, hivyo pankeki zisipikwe wakati huo huo.

Umeona sasa kwa nini kupika vyungu viwili ni hatari? Kijiko kimoja kikitoka bakuli la ngano na kuingia bakuli la pili, kazi yote imeharibika. Nyumba inayopika sinia moja haina shida hiyo.

Pankeki za mchele na muhogo

Hizi ndizo za kuanzia. Zinatosha pankeki 10 hivi. Unahitaji:

Kikombe 1 na nusu cha unga wa mchele
Nusu kikombe cha unga wa muhogo, au wanga wa mahindi
Vijiko 2 vikubwa vya sukari
Nusu kijiko cha chai cha chumvi
Mayai 2
Kikombe 1 na nusu cha maziwa
Vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya kupikia
Vijiko 2 vya chai vya beking poda

Changanya unga, sukari na chumvi. Piga mayai pembeni, tia maziwa na mafuta, kisha mimina ndani ya unga ukikoroga mpaka mabonge yaishe. Beking poda usiitie bado. Funika bakuli uliache dakika 30. Usiruke hatua hii, kwani unga wa mchele hunywa maji polepole, na usipopewa muda pankeki zitakuwa na chenga kama mchanga mdomoni.

Baada ya dakika hizo, rojo litakuwa limekuwa zito. Ongeza maziwa kidogo mpaka literemke taratibu kutoka kwenye upawa. Sasa tia beking poda na ukoroge. Weka kikaango kwenye moto wa wastani, kipake mafuta kidogo, na umimine rojo kiasi cha upana wa kiganja. Subiri. Mapovu yatatokea juu na kupasuka, na kingo zitakauka. Hapo ndipo ugeuze, si kabla. Bila gluteni, pankeki isiyoiva chini huvunjika. Ndiyo maana pia zinafaa kuwa ndogo.

Kabla ya kila upawa, koroga rojo tena, kwa kuwa unga wa mchele hupenda kuzama chini ya bakuli.

Za wimbi na ndizi

Hizi zinawafaa watoto wa shule. Ponda ndizi mbivu 2 mpaka zilainike kabisa. Tia mayai 2, robo tatu ya kikombe cha maziwa na chumvi kidogo. Ongeza kikombe 1 cha unga wa wimbi na ukoroge. Acha dakika 15, kisha tia kijiko 1 na nusu cha chai cha beking poda. Sukari huenda isihitajike, kwani ndizi zimeshafanya kazi hiyo.

Kuwa mwangalifu na moto. Unga wa wimbi una rangi ya udongo, kwa hiyo huwezi kuangalia rangi ya pankeki ukajua imeiva au imeungua. Tumia kidole. Bonyeza katikati kidogo, na ikirudi juu yenyewe, imeiva.

Wimbi una sifa nyingine inayofaa hapa. Gramu 100 zake zina takriban miligramu 340 za kalsiamu, kiasi kikubwa kuliko nafaka nyingi. Mtoto ambaye utumbo wake ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu anaihitaji kwa mifupa yake. Mchele mweupe peke yake ni wanga mtupu, na tangu 2012 sheria ya Kenya imetaka unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti uongezwe madini na vitamini. Kwa hiyo anayeacha ngano asihamie kwenye mchele peke yake. Abadilishe: leo mchele, kesho wimbi, kesho kutwa mtama.

Vibibi vya Pwani

Hizi hazihitaji hata unga. Lowesha vikombe 2 vya mchele usiku kucha. Asubuhi umwage maji, utie mchele katika blenda pamoja na kikombe 1 na nusu cha tui zito la nazi, nusu kikombe cha sukari, nusu kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa na kijiko 1 cha chai cha hamira. Saga mpaka ukisugua rojo kati ya vidole usisikie chenga. Funika uliache mahali penye joto kwa muda wa saa moja hivi, hadi liumuke na kutoa povu.

Pika katika kikaango kidogo kilichopakwa samli au mafuta, kwa moto mdogo. Ukishamimina, funika mpaka juu pakauke. Wako wanaogeuza na wako wasiogeuza. Hakuna yai ndani, basi hata asiyekula mayai anakaribishwa.

Mambo yakienda mrama

Zikivunjika ukigeuza, basi ni kubwa mno, au moto ni mkali na hukusubiri. Zikizidi kukatika, ongeza yai moja.

Zikiwa na chenga, unga haukunywa maji ya kutosha. Acha rojo lipumzike zaidi.

Zikiwa na mnato ndani kama gundi, umezidisha muhogo. Usipite robo ya unga wote.

Zikikauka zikipoa, si kosa lako. Ndivyo wanga wa mchele ulivyo, hukaza ukipata baridi. Zipashe moto kikaangoni zikiwa zimefunikwa, na matone mawili matatu ya maji pembeni. Kwa mkebe wa shule, mpe mtoto zile za wimbi na ndizi, ambazo hubaki laini hata saa nne.

Kwa mwanafunzi wa chuo anayeishi chumba cha kupanga na jiko moja la gesi, koroga rojo usiku, bila beking poda, uliweke kwenye friji kama unayo. Asubuhi utie beking poda na upike. Ikiwa mnaishi wawili na mwenzako anapenda chapati, uwe na kikaango chako na mwiko wako, ukutani kwako. Huo si uchoyo, ni afya yako.

Shuleni na kwa wageni

Jikoni kwako una amri, nje ya mlango huna. Kabla muhula haujaanza, nenda ukamwone mwalimu wa darasa na mpishi, ukiwa na barua ya daktari. Usiseme tu kwamba mtoto "hapendi ngano", kwani watu watamhurumia na kumpa kidogo. Sema wazi kwamba ngano inamdhuru, hata kipande. Mtoto wa shule ya bweni ana shida kubwa zaidi, kwa sababu mkate na mandazi viko kila mara. Huko, mazungumzo na wapishi yafanywe kabla ya kulipa karo, si baada ya mtoto kuugua.

Na mkialikwa kwa shangazi au kwa nyanya, msiende mikono mitupu mkaishia kulaumiana. Chukueni sinia lililojaa. Wingi wake uwe wa kutosha wenyeji na wageni pia, ili watoto wote wachukue hapo na asiwepo wa kuuliza kwa nini fulani ana chakula chake.

Hapo ndipo utakapojua kazi yako imefaulu. Binamu zake watakula pankeki za wimbi wakaomba nyingine, bila yeyote kuwaambia kwamba hazina ngano. Kwa mtoto aliyezoea kuangalia sahani za wenzake, hiyo ni siku kubwa. Basi loweka mchele wako Jumamosi usiku, na Jumapili njema.